Ngano ya Mama Nabintu na Maji ya Kutibiwa

Niliondoka Makete kwa sababu ya maneno ya mwoka mikate. Zamani nilifanya kibarua kwake Kigoma, nikikanda unga na kubeba magunia, na hatujaacha kupigiana simu. Yeye ni Mkongo wa Kivu ya Kusini. Safari hii alinipigia kunieleza habari za mama mmoja wa kwao, mkimbizi katika makazi ya Nakivale huko Uganda, ambaye amepanda ngano kwenye joto. Kuna busta ya asili, dawa ya kukuzia mimea, akasema, wanaipuliza kwenye majani. Wanaichanganya na maji ya kutibiwa, na ngano inazaa mara mbili.

Kaka yangu Ezekia alikuwa amekaa pembeni, akisikia kila kitu. Ngano yake imekuwa ikikonda msimu baada ya msimu. "Muulize kama hayo maji yanatibu na uvivu," akasema. Lakini kesho yake aliponikuta nafunga begi hakucheka. Alisema, "Ukiona kwa macho yako, nitaamini. Ukisikia kwa watu, baki huko huko."

Mimi shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo najifunza kwa miguu. Nimewahi kununua dawa ya panya iliyonenepesha panya, na mbegu ya vitunguu iliyoota kitu ambacho mpaka leo hatujakipatia jina. Kwa hiyo nilitoka nyumbani na shaka yangu, nikaikunja pamoja na blanketi.

Pale Murongo nilivuka Mto Kagera kuingia upande wa Kikagati. Askari wa Uganda aliyekuwa zamu alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Wewe nakwenda fanya nini Uganda?"

"Kuona ngano, afande."

"Ngano? Hapa iko matoke. Ngano iko kwa duka." Akalikung'uta begi langu lote juu ya meza, akapekua mpaka ndani ya soksi. Hakupata kitu. Nadhani kutopata kitu ndiko kulikomtia wasiwasi zaidi, maana aliniita tena nilipokuwa nimeshafika barabarani, akanipekua upya.

Kutoka Isingiro nilipanda pikipiki. Nchi ni ya vilima vilivyokauka migongo na mabonde yenye migomba, na ng'ombe wenye pembe ndefu wanaovuka barabara bila haraka. Tulipopita Kabazana, kwenye kituo cha kupokea wageni wapya, niliona watu wamekaa juu ya mafurushi yao wakingoja kuandikishwa. Niliomba tusimame kidogo niangalie. Dereva akaongeza mwendo. "Hapana shangaa watu hapa," akasema. "Watasema wewe umekuja kuwahesabu."

Nilifika kwa Mama Nabintu jua likiwa limeinama. Ni mwanamke mrefu wa makamo, amefunga kitambaa cheupe kichwani kwa sababu alikuwa ametoka kwenye maombi. Nilimtajia jina la mwoka mikate. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Karibu, ndugu. Fungua sakosi."

"Begi?"

"Njo hiyo. Fungua."

Akapekua kuliko askari. Alipomaliza alinipa kigoda na uji wa mtama, akanieleza bila kuona haya. "Batu banakuja hapa mingi. Banakamata picha, banakamata na masuke kidogo, banasema ni ya kuonesha bakubwa. Mbegu yangu inaenda nabo. Sisemi weye ni mwizi. Ninasema sikujui."

Mbegu yake ina historia fupi na nzito. Alipokimbia kutoka milima iliyo juu ya Uvira alikuwa ameishona ndani ya pindo la kitenge. Hapa Nakivale aliipanda kwanza kwenye pipa lililokatwa, akavuna viganja viwili vitatu, akarudia, msimu kwa msimu, mpaka ikatosha shamba dogo nyuma ya nyumba. Kila msimu alikuwa akiweka akiba kwenye chupa. Msimu huu hakuweka. Mtu wa busta alikuwa ameahidi mavuno makubwa, naye Mama Nabintu akaimwaga yote shambani.

"Yote iko mu udongo," akasema. "Hii ikikufa, ngano ya kwetu imekufa."

Asubuhi akanipeleka kuiona. Ndugu zangu, nilisikia vibaya. Ngano ilikuwa imefika magotini, majani ya manjano, ncha zimeungua kama zimepitishwa juu ya moto wa mishumaa. Masuke yalikuwa bado hayajatoka. Kwenye uzio wa pili, hatua chache tu kutoka pale, kulikuwa na kabichi za kijani kilichoiva, majani yake mapana yakibeba umande.

"Kabichi za nani?"

"Za mudogo wangu Elie." Akatema mate pembeni. "Busta ilikuwa bidoni moja. Tuligawana. Yeye yake inafanya kazi, yangu inaua. Weye unaona aje?"

Niliona kama yeye. Mtu anapogawana dumu na dada yake, kisha kabichi zinanenepa na ngano inakonda, sihitaji darasa la saba kujua pa kutazama.

Nikamwomba anioneshe anavyochanganya. Alifanya yote kwa usafi wa ajabu. Aliosha ndoo kwa sabuni. Maji yalikuwa ya bomba, ameyapangia foleni tangu alfajiri. Juu yake akatia kidonge cha kusafishia maji, kimoja cha vile vilivyogawiwa wakati wa hofu ya kipindupindu, akakoroga, akafunika na kungoja. Ndipo akamimina busta, maji meusi yaliyonuka zizi. "Yule mutu alisema mara tatu: maji ya kutibiwa, maji ya kutibiwa. Miye ninatibu mara mbili, ile ya robine na ile ya kidonge." Nilimsifu. Nilijiambia, mtu wa taratibu namna hii hawezi kuwa amekosea yeye.

Elie alikuja mchana, amevaa fulana ya kamati ya maji na usafi ya kijiji. Mtu mchangamfu, mnene kidogo, mwenye utani.

"Mon frère wa Tanzania! Yaya, dada yangu mukubwa, amekupekua?"

"Amenipekua."

"Hata soksi? Basi amekupenda. Miye mudogo wake ananipekua kwa macho tu, tangu mwezi uliopita hanipi hata chumvi."

Nilimuuliza kuhusu busta. Akajibu harakaharaka, akageuza maneno, akaanza kunihubiria juu ya kunawa mikono. Kesho yake mapema nilimwona akipanda kutoka upande wa ziwa lililo bondeni, na baiskeli. Dumu lilikuwa limefunikwa majani ya mgomba, limefungwa kamba. Nilipomsalimia aliyumba nusura aanguke. "Ni pombe?" nikauliza. "Ni kazi," akajibu, akapita. Nilirudi kumwambia Mama Nabintu kwamba mdogo wake anaficha dumu. Hakushangaa. "Njo bidoni yangu hiyo," akasema. "Busta ya kweli alibakiza yeye."

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha. Mama Nabintu akaamua: Jumatatu anang'oa ngano na kuotesha maharage, angalau watoto wale. Nilimwomba aningoje niende kwanza kwa aliyetengeneza busta, mtu wa Biharwe, nje kidogo ya Mbarara. Alifikiri. Akanijazia chupa ndogo mchanganyiko wake ili nikamwoneshe, kisha akanyoosha mkono.

"Acha blanketi yako hapa."

"Ya nini, mama?"

"Utarudi kuichukua."

Gari la maziwa lililotoka Rugaaga lilinibeba mpaka Mbarara. Nilikaa katikati ya madebe, dereva akinihadithia jinsi anavyojua maziwa yaliyotiwa maji kwa kuyatazama tu yanavyoshuka kwenye kikombe. "Watu iko wajanja sana," alirudia. "Hata ng'ombe siku hizi mimi siamini." Mbarara ni mji wa barabara pana na benki nyingi. Niliingia kwenye duka la pembejeo, nikamuuliza muuzaji kama anamjua mzee Tumwesigye wa Biharwe, anayetengeneza busta.

"Yule?" Akacheka na mwenzake kwa Kinyankole kabla ya kunirudia. "Yule nauza mkojo. Nunua hii ya chupa, iko na karatasi yake."

Nilisoma karatasi. Iliahidi mambo mengi kwa mazao yote ya dunia. Sikununua.

Biharwe nilifika saa za jua kali. Nyumba ya Tumwesigye ina uzio wa michongoma, mbwa wawili, na nyuma mapipa yaliyofunikwa turubai. Harufu ilinipokea kabla ya mwenyeji. Yeye ni mwanajeshi mstaafu, amenyooka kama mti wa bendera, na Kiswahili chake ni cha kambini.

"Agandi, sebo," akanisalimia kwa lugha yao. "Nani amekutuma?"

Shaka ile ile ya askari wa mpakani. Nikasema natoka kwa Mama Nabintu wa Nakivale, na ngano yake inakufa. Akakunja uso. Nikauliza chini ya turubai kuna nini.

"Siri ya kazi."

"Na jina lako, afande, maana yake nini?"

"Tumwesigye? Ni kusema, tumwamini Mungu."

"Mungu nitamwamini. Chini ya turubai je?"

Akaangua kicheko, akafunua. Ilikuwa mkojo wa ng'ombe, majani ya alizeti pori yaliyokatwakatwa, ndizi za pombe zilizopondwa na majivu, vyote vikichacha na kutoa mapovu. Nikamuuliza ngano aliyoijaribia iko wapi nikaione.

"Ngano?" Akakuna shingo. "Mimi iko na matoke na kahawa. Ngano mimi najua kwa chapati."

Mama wa watu amemwaga mbegu yote ya kwao kwa neno la mtu anayeijua ngano kwa chapati! Nilimwambia hivyo hivyo. Nikatoa chupa niliyopewa, nikaifungua chini ya pua yake.

Alinusa mara moja. Akanusa tena, taratibu. "Nani ameua hii?"

"Kuua nini?"

"Hii ilikuwa hai. Sasa nanuka hospitali. Ametia nini?"

"Ametia ulichosema wewe! Maji ya kutibiwa. Ya bomba, na kidonge juu yake."

"Kidonge gani?"

"Cha kuua vijidudu."

Tumwesigye akakaa chini, palepale kwenye vumbi, karibu na mbwa. "Sasa hiyo kidonge," akasema, "itajua namna gani kijidudu ya kipindupindu na kijidudu yangu mimi?"

Alinieleza. Siku ya mafunzo kule Nakivale, watu walikuwa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, na Kinyankole chake kisingefika. Ikabidi Kiswahili. Alitaka kusema maji yaandaliwe: yamwagwe kwenye beseni pana, yakae wazi juani kutwa nzima mpaka ile dawa ya bomba iruke, kisha yakamuliwe ndimu kidogo kupunguza magadi. "Mimi nalitafuta neno, nalipata moja tu, neno ya daktari: kutibu. Nalisema mara tatu ili wasikie muzuri."

Na walisikia vizuri. Nakivale nzima inajua maji ya kutibiwa ni yapi. Watu wa afya wanapita nyumba kwa nyumba wakiyataja, na kamati ya Elie inayataja kila wiki. Aliyesikia vizuri na kutii vizuri ndiye aliyeua busta yake, na ile klorini ya ziada ndiyo ikaunguza ncha za majani.

Maelezo yalikuwa matamu, na matamu nimeshayanunua mengi. Nilikwenda duka la dawa pale Biharwe nikanunua vidonge. Nikachukua chupa mbili, nikazitia busta ile ile, kutoka pipa moja, mimi mwenyewe. Moja nikatia maji ya mvua, nyingine maji yenye kidonge. Nikakaza vifuniko, nikazilaza chini ya kitanda nilichopewa, nikalala juu yake kama mlinzi wa benki. Asubuhi chupa ya maji ya mvua ilikuwa imevimba, na nilipolegeza kifuniko ilipiga mluzi mbwa wakabweka. Ile ya kidonge ilikuwa imetulia kama soda ya juzi.

"Sasa wewe naamini?" akauliza Tumwesigye.

"Nusu. Nusu nyingine nangoja ngano iseme."

Alinipa dumu jipya bila kutaka kitu. Hata hilo lilinitia shaka njia nzima.

Nakivale nilirudi Jumapili, ibada imekwisha. Mama Nabintu alikuwa ameshanoa jembe. Nilimweleza kila kitu, nikamwonesha chupa zangu mbili. Alinusa zote, akaziweka chini.

"Amekupa nini ukuje kunisemea vile?"

"Hajanipa kitu, mama."

"Bidoni hii nayo?"

Akasema kama maji ya bomba yanaua busta, mbona kabichi za Elie hazijafa? Elie ni mtu wa kamati. Yeye ndiye anayekemea wenzake wasichote ziwani. Ni maji gani mengine anayotumia?

Elie alikuwa amesimama kwenye uzio, akitusikiliza, na fulana yake ya kamati. Nikamtazama. Nikakumbuka baiskeli, na majani ya mgomba.

"Elie," nikasema, "lile dumu halikuwa na busta, sivyo?"

Alitazama huku na huku kama kuna mkutano. "Yaya," akasema kwa sauti ya chini, "foleni ya robine ni murefu. Na miye niko komite, siwezi kupita mbele ya batu. Siwezi pia kuonekana na maji ya ziwa, batasema nini? Njo ninafunika na majani." Akaelekeza mkono kwenye shamba lake. "Kabichi zangu zinakunywa ziwa, busta yangu ninachanganya na maji hayo. Tangu mwanzo. Busta yako sikugusa hata tone."

Mama Nabintu akakaa juu ya ndoo, akaanza kucheka, kicheko cha kutikisa mabega, mpaka kitambaa kikateleza kichwani. "Miye ninatibu mara mbili," akasema, "na huyu hatibu hata mara moja, njo Mungu anamubariki!" Akamrushia mdogo wake beseni. "Kimbia ukalete maji yako ya zambi, Elie. Na usifunike. Leo batu baone."

Jumatatu hatukung'oa. Tuliyaweka wazi juani maji ya bomba, na ya Elie pembeni, kwenye mabeseni, sufuria, hata karai la saruji la jirani. Tukakamulia ndimu, tukamimina busta ya dumu jipya. Tukachuja kwa kitambaa ili bomba la kupulizia lisizibe, tukapuliza jioni, jua likiwa limelegea. Niliomba tuache ukanda mmoja bila busta. Mama Nabintu hakupenda, lakini nilimwambia kaka yangu hataamini bila hivyo, naye akasema, "Kaka yako ni mutu muzuri."

Nilikaa Nakivale nikilima kwa watu mpaka mavuno. Sasa naandika nilichokiona, Ezekia na wengine msome vizuri. Majani yaliyokuwa ya manjano hayakurudi kuwa kijani. Yale mapya yalitoka ya kijani, na masuke yakatoka juu yake, mengine mazito, mengine ya wastani. Ndege walikula upande wa bonde. Ule ukanda tulioacha ulitoa masuke mepesi, ukiyapukuchua mkononi unapata makapi zaidi ya punje. Tofauti ipo, niliishika kwa mikono yangu. Mara mbili aliyoisema mwoka mikate sikuiona. Tumwesigye alikuja siku moja kutazama, akashika suke la kwanza la ngano maishani mwake, akamuuliza Mama Nabintu jinsi linavyosagwa kuwa unga. Alisahihisha pia lile neno mbele ya watu. Sasa anasema "maji ya kulala juani", na Elie ndiye anayemtafsiria.

Mbegu ilipatikana. Chupa ilijaa mpaka shingoni, na nyingine nusu.

Asubuhi ya kuondoka, Mama Nabintu alinirudishia blanketi langu. Alikuwa amelianikia ngano, linanuka mavuno. Akasema, "Fungua sakosi." Nikafungua. Akapekua, akalikung'uta blanketi, akaokota punje zilizonasa, moja moja, akazirudisha kwenye chupa. Kisha akanipa mkate mdogo mgumu alioupika kwa punje zilizovunjika.

"Bakiuliza kama ni kweli, baonje. Hii haioti."

Kwetu Makete, wanaochota chemchemi wala wasihangaike. Wanaotumia bomba la mradi, wayaache maji juani kutwa kwanza. Na mtu akikuambia neno unalolijua tayari, muulize yeye analijuaje.

Ezekia aliuvunja mkate kwa nyundo, akauchovya kwenye chai, akatafuna akiwa amefumba macho. Alitoka nje kulikung'uta blanketi langu, maana lilijaa vumbi la nchi mbili. Nikasikia ananiita. Kwenye ua kulikuwa na punje mbili za ngano. Kuku aliwahi moja. Nyingine nikaifunika kwa kiganja.

Nilipiga simu Nakivale siku hiyo hiyo, kabla sijashukiwa. Nilimweleza Mama Nabintu kwamba sikuiba, kwamba ilinasa kwenye nyuzi.

"Iko moja ao mbili?"

"Moja, mama. Ya pili kuku amekula."

"Niliacha mbili," akasema. "Basi, panda. Maji unajua ni gani."